Utepe Nilioukata Mapema

Kitale, Jumamosi jioni

Nekesa binti yangu,

Mama yako anafunga sanduku lako kwa mara ya tatu. Kutoka hapa nilipo namsikia akitaja blanketi, jiko, sukari, viatu vya mvua na sijui dawa ya mbu. Hayo yote nimemwachia yeye, anayajua kuliko mimi. Mimi nimekuja kukaa huku kwenye kibanda cha miche, juu ya kreti iliyopinduliwa, na karatasi nilizochomoa kwenye daftari lako la kidato cha tatu. Ulikuwa umeacha kurasa nyingi tupu, mtoto wewe.

Naogopa. Nalisema mapema usije ukasoma barua hii yote ukidhani baba yako ameketi mahali na hekima ya kukugawia. 

Malakisi si Ulaya. Ukitoka hapa asubuhi, saa sita uko Malakisi unaonyeshwa chumba cha walimu. Umbali hauniogopeshi. Kinachoniogopesha ni kwamba kuanzia kesho utakuwa unameza dawa zako bila mtu wa kukuangalia, na kuna jambo moja kuhusu dawa hizo unaloliamini na si kweli. Aliyekufanya uliamini ni mimi.

Jumatatu mlikuwa jikoni wewe na mama yako mkichagua maharagwe. Mimi nilikuwa naingia na kuni. Nikakusikia ukimwambia, tena ukicheka:

"Mama, hizi dawa ni bahati tu. Ile mara nilimeza zote, hakuna siku niliruka, na figo bado ikakataa. Sasa nikikosa siku mbili tatu huko Malakisi, si ni yale yale?"

Mama yako akakuambia usiseme hivyo, lakini hakukubishia sana. Mimi nikaweka kuni chini nikatoka. Ukadhani nimekasirika, maana jioni uliniletea chai huku nje na ukaniuliza kama kuna mtu amenikosea. Hakuna aliyenikosea. Nilikuwa nimekuona akilini umelala tena kwenye kile kitanda cha chuma cha wodini, miguu imevimba, na safari hii hakuna figo nyingine ya kutoa.  Kila nikikuangalia unapita uani nasema moyoni, mwambie sasa. Halafu unapita.

Basi ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianza na lile lenyewe nitaichana karatasi.

Nilipokuwa kijana wa kuajiriwa, kabla sijamjua mama yako, nilifundishwa kuunganisha miche ya avokado na mzee mmoja aliyekuwa na kitalu karibu na barabara ya kwenda Suam. Unayajua haya, umeniona nikiyafanya tangu unatambaa. Unachukua shina la kienyeji, unalipasua, unaingiza kijiti cha avokado nzuri, unafunga kwa utepe wa plastiki. Wiki kadhaa zikipita, ukiona kijiti kimetoa majani, unajua vimeshikana. Hapo lazima uukate utepe. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau. Nikaona majani ni ya kijani, nikaenda zangu kwetu Lugulu kwa mavuno, niliporudi utepe ulikuwa umezama ndani ya gome na miche karibu yote ya kitanda kile cha kitalu imekauka kuanzia juu. Mzee hakunipiga. Alinishika mkono akaupitisha juu ya kila mche uliokufa, mmoja mmoja, niuguse pale uliponyongwa. Tangu siku hiyo sijawahi kusahau. Nilijivunia sana somo hilo, na ndilo lililokaribia kukuua.

Ulikuwa na miaka kumi na sita figo zako zilipokufa. Mama yako alitaka kutoa yake, wakampima, presha yake ikamkataza. Nikapimwa mimi, nikafaa. Nilifurahi, ulijua? Watu walinipa pole na mimi moyoni nilikuwa nafurahi kama mtu aliyechaguliwa. Kukhu yako, mama yangu mzazi, alikuja kutoka Lugulu akaomba katikati ya sebule, na alipomaliza akasema maneno ambayo kila mtu aliitikia amina: kwamba figo haijatoka nyumba ya watu, imetoka kwa baba, na damu haiwezi kujikataa yenyewe. Hata mchungaji aliitikia. Mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Daktari alikuwa ametuambia, nisiseme hakutuambia. Alisema dawa ni za maisha. Nilisikia, nikatikisa kichwa, nikasaini. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nimeshaweka neno la kukhu juu na neno la daktari chini. Nikajiambia, dawa za maisha ni za wale wanaopewa figo ya mtu baki. Huyu ni wangu.

Miezi minane ikapita. Ulikuwa umerudi shule ya kutwa, unakojoa vizuri, unakula, unagombana na mama yako, kila kitu kizuri. Ila uso ulikuwa umevimba mashavu, na mikono ilikuwa inatetemeka mpaka ukaacha kuandika mbele ya wenzako. Siku moja ulitoka shule ukaingia ndani moja kwa moja, nikakufuata, nikakuta umejifunika shuka kichwani. Uliniambia walikuita mzee. Ati kwa sababu ya mikono. Nilitoka nje nikaja hapa hapa kwenye miche, nikasimama mbele ya kitanda kilichokuwa tayari kukatwa utepe. Majani yalikuwa kijani kibichi. Na nikafikiri, si hii ndiyo hali yenyewe? Imeshika. Imeshashika kitambo. Na sisi tunaendelea kumnyonga mtoto.

Nekesa, dawa zako za jioni zilikuwa vidonge saba. Nilikuwa nikiviweka kwenye kile kisahani chenye maua, na maji yaliyochemshwa kando. Ulikuwa umechoka kuviona. Ulikuwa ukifumba macho, unakinga kiganja, namimina, unatupia mdomoni vyote kwa mpigo mmoja. Hukuwahi kuhesabu. Kwa nini uhesabu, si aliyekuwa anakupa ni baba yako?

Nikaanza kuweka vitano.

Niliondoa vile viwili ambavyo muuguzi aliwahi kusema ndivyo vinavyoleta kutetemeka. Asubuhi sikugusa, jioni tu. Nilijua nataka kumalizia wapi: kidogo kidogo mpaka dawa zote ziishe, kama unavyolegeza utepe kabla ya kuukata. Sikumwambia mama yako kwa sababu nilijua angekataa, na hilo peke yake lilitosha kunionyesha kwamba nafanya kosa, lakini mimi nikaliita ushujaa. Wiki ya pili mikono yako ikatulia. Uliniandikia jina lako kwenye kipande cha boksi ukaja kunionyesha, herufi zimenyooka. Nikafurahi mpaka nikatoka nje. Naona aibu hata kuandika kwamba nilifurahi.

Wiki ya sita ukaanza kuvimba miguu.

Yaliyofuata unayakumbuka, lakini unayakumbuka ukiwa upande wa kitanda. Ngoja nikuambie yalivyokuwa upande wangu. Hospitalini wakakuingiza sindano kwenye figo, wakachukua kipande, wakaenda kukiangalia. Wakapima damu wakakuta dawa ni kidogo mno. Daktari akaja na karatasi, akasimama upande wa miguu yako akakuuliza kwa upole kama unameza dawa zako. Ukasema unameza zote. Akauliza tena. Ukasema zote, daktari, naapa. Akamwangalia mama yako kwa jicho la mtu aliyezoea kudanganywa na watoto wa umri wako. Muuguzi akasema wengi wanazificha chini ya godoro. Na mama yako, aliyekuwa hajalala siku mbili, akakuambia mbele ya watu wote kwamba wewe ni mwongo, kwamba baba yako amekatwa tumbo kwa ajili yako na wewe unatupa dawa.

Uligeuka ukaniangalia mimi. Ulikuwa unaomba nikutetee.

Nikaangalia dirisha.

Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, mwanangu. Kuondoa vidonge ulikuwa ujinga, na ujinga mtu anaweza kusamehewa. Lakini kuangalia dirisha haukuwa ujinga. Nilikuwa najua kabisa. Nilikuwa najua na nikanyamaza, na wewe ukalia mpaka ukalala, na kesho yake ukaacha kujitetea.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Nilikuwa nimekwenda kumwambia ukweli, niamini au usiniamini. Mdomo ulipofunguka nikauliza jambo lingine. Nikamuuliza inakuwaje mtoto akatae figo ya baba yake mzazi.

Akaniambia tuketi. Alikuwa mtu mwenye subira yule. Alisema kila mwili una askari wake, na askari wanatambua watu kwa alama. Mtoto anachukua nusu ya alama kwa baba na nusu kwa mama. Figo yangu ilikuja na alama zangu zote, hata zile ambazo sikukupa ulipozaliwa. Kwa hiyo kuna upande wangu ambao mwili wako haujawahi kuuona, na huo ndio ulioukataa. Nilimwuliza, sasa askari wake waliujuaje, kama umejificha ndani ya figo? Akasema kitu ambacho nimekaa nacho miaka sita.

"Figo haikutoka kwako tupu, mzee. Ilitoka na askari wako ndani yake. Hao ndio waliotoka siku za kwanza wakaenda kujionyesha kwa askari wa binti yako."

Alieleza kwamba figo wanaiosha kwa maji baridi kabla ya kuihamisha, lakini askari waliojificha ndani ya nyama hawatoki kwa kuoshwa. Damu yako ilipoanza kupita humo, wakaamka. Wakatoka wakaingia kwenye damu, wakafika kwenye tezi, kule ambako askari wako hukusanyika, wakasimama mbele yao na alama zangu zote usoni. Askari wako wakawaangalia wakajua: hawa si wa hapa. Wakajua pia wametoka wapi. Askari wangu hawakukaa sana, wengi wao walimalizwa, lakini kazi walikuwa wameshaifanya. Walikuwa wameshatoa habari. Na askari wa mwili, alisema daktari, wakishajua kitu hawasahau. Dawa haiwasahaulishi. Inawafunga mikono tu. Siku mikono ikifunguliwa, wanajua nyumba ya kwenda.

Nikauliza kama wangu wamekwisha wote. Akasema huenda wachache wamebaki humo kimya, na kuna wataalamu wanaodhani wachache kama hao wakizoeleka husaidia mwili kutulia, lakini hilo bado hawalijui vizuri, na nisilitegemee.

Nilirudi wodini nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa nimeelewa kila kitu. Avokado haina askari wa kukumbuka. Ikishika imeshika. Wewe hukuwa umeshika kwa namna hiyo na hutashika kamwe, utashikiliwa, kila asubuhi na kila jioni, maisha yako yote. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba hatari ilitoka kwangu mara mbili. Mara ya kwanza wale askari, ambao sikuwaamuru na sikujua kama wapo. Mara ya pili mimi mwenyewe, na kisahani mkononi.

Wakakutundikia dripu ya ile dawa kali siku tatu. Ukapona. Si kama mwanzo, unajua wanavyosema kwenye kliniki, kwamba figo ilipata kovu na haitafika tena pale ilipokuwa. Kovu hilo ni langu. Kila wanapolitaja mimi huinama kufunga kamba za viatu.

Utaniuliza kwa nini sikusema baadaye. Kwanza niliogopa mama yako. Halafu niliogopa kwamba utakataa kumeza chochote kitokacho mkononi mwangu. Nikampa mama yako kazi ya dawa, nikasema macho yangu hayaoni vizuri, uongo mwingine huo. Kisha ukapona, ukafanya mtihani, ukaenda chuo cha hapa hapa Kitale ukilala nyumbani, na kila mwaka ukweli ukawa mzito zaidi kuubeba kuliko mwaka uliopita, mpaka nikaanza kujiambia kwamba hauna kazi tena. Kumbe ulikuwa na kazi. Ulikuwa unakungoja jikoni kwenye maharagwe.

Kwa maana sikiliza. Wewe umekaa miaka sita ukijua kwamba ulimeza zote na bado ikakataa. Umejifunza kutokana na uongo wangu, na umejifunza sawasawa, kama mtoto mwenye akili anavyojifunza. Ungekuwa umemeza zote, hesabu yako ingekuwa sahihi. Lakini hukumeza zote. Dawa hazikushindwa, Nekesa. Nyingine hazikuwahi kufika tumboni. Wiki tano na siku moja tu, vidonge viwili vya jioni, na askari walikuwa mlangoni. Sasa fikiria siku mbili tatu huko Malakisi za kukosa kabisa, asubuhi na jioni.

Nimekuwa baba anayeangalia miguu ya binti yake kabla ya uso. Umewahi kuniuliza kwa nini nakusalimia nikiangalia chini, nikakuambia ni heshima, ukacheka ukasema baba gani anamheshimu binti namna hiyo. Nilikuwa naangalia kama viatu vinabana. Kuanzia kesho sitaiona miguu hiyo. Utapiga simu utasema niko sawa, na mimi sitakuwa na njia ya kujua. Hicho ndicho kinachonila.

Sina ushauri mwingi wa kukupa. Nimeona mtu anaweza kuwa na somo la kweli kabisa, alilolilipia, na akalipeleka mahali si pake. Lile la utepe lilikuwa la kweli. Mpaka leo ni la kweli, kwenye kitanda kile pale. Kama ningeuliza mtu mmoja tu, hata yule muuguzi, hata wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita na ulijua zaidi yangu. Ukiwa mwalimu, watoto watakutazama kama ulivyonitazama wodini. Pengine kwa jambo dogo, kalamu iliyopotea. Usiangalie dirisha.

Kuna mkebe nimeutoa pale juu ya boriti, ule wa mafuta ya kujipaka uliopoteza mfuniko, nimeufunga kwa utepe wa kazi. Nitakupa pamoja na barua hii. Ndani yake mna vidonge sabini na viwili. Nilivihifadhi nikidhani vitafaa baadaye, halafu nikashindwa kuvitupa. Usimeze hata kimoja, vimeharibika. Vimwage mezani uvione. Kila viwili ni jioni moja uliyofumba macho ukakinga kiganja. Hukuruka siku. Hukuficha kitu chini ya godoro. Ulimeza kila ulichopewa, na ulisema kweli mbele ya daktari, na mbele ya mama yako, na mbele yangu.

Nilikuwa nimepanga kuisokomeza barua hii kati ya nguo zako uikute huko Malakisi, mimi nikiwa mbali na salama. Nimeona huo ni woga ule ule. Kwa hiyo mama yako nitamwambia leo, nikishaweka kalamu chini, na sijui nitalala wapi. Wewe nitakupa mkononi kesho asubuhi kabla ya chai, kisha nitakuja huku kwenye miche. Ukiniita, nitakuja. Usiponiita sitauliza. Sanduku lako nitalibeba mpaka stegi ya basi, nikitembea nyuma yako kama hutaki tuongozane.

Lakini kabla hujanikasirikia, meza kwanza dawa zako za asubuhi. Zihesabu mwenyewe.

Baba yako